Joto la Machi halileti mvua, na ya Aprili huja ghafla: naomba ushauri wa kuanika mbata

Mwanika Mbata (Ganda)

Waungwana, assalamu alaikum. Ninaishi Ganda, nje kidogo ya mji wa Malindi, na kazi yangu ni kupasua nazi na kuanika mbata. Mwezi wa Machi, kaskazi inapoelekea kwisha, kila adhuhuri mawingu meupe huinuka upande wa Kakuyuni, nami huanua mbata zote kwa hofu, kisha mawingu hayo hutoweka bila kudondosha tone. Inapofika Aprili, siku isiyo na joto la kutisha, huziacha nje bila wasiwasi na mvua hushuka kwa kishindo. Mwaka jana nilipoteza mzigo wa wiki nzima, kwa kuwa mbata ikirowa kabla ya kukauka huota kuvu na mnunuzi haitaki. Siku zote nilidhani kwamba joto likizidi, mvua iko karibu. Ninakosea wapi?

Mwalimu wa Jiografia

Waalaikumu salamu, dada yangu. Hukukosea kabisa, kwa kuwa joto la ardhi ndilo linaloisukuma hewa ianze kupanda. Ila joto hilo peke yake haliamui hewa itafika wapi. Hewa inayopanda hupanuka, na kwa kupanuka hupoa kwa takriban digrii 10 kila kilomita, maadamu haijafanya wingu. Itaendelea kupanda iwapo tu ina joto kuliko hewa iliyoizunguka katika kimo kile. Ikiwa baridi zaidi, hurudi chini, na hapo tunasema anga imetulia.

Mambo hubadilika mvuke unapogeuka matone. Kila kilo moja ya mvuke inapogeuka maji hutoa joto la takriban jouli milioni 2.5, ambalo ni joto lile lile lililotumika kuyafanya maji ya bahari kuwa mvuke, na ndiyo maana hewa iliyomo ndani ya wingu, katika nchi za joto kama yetu, hupoa polepole zaidi inapopanda. Ikibaki na joto kuliko majirani zake, wingu huweza kupanda kilomita 10 na zaidi, na hiyo ndiyo anga isiyotulia.

Sasa itazame Machi yako. Kaskazi huvuma karibu sambamba na pwani, tabaka lake la unyevu ni jembamba, na juu yake kuna hewa kavu inayoshuka, ambayo hupata joto kwa kubanwa na kukaa kama kifuniko juu ya chungu. Moto unawaka chini, wingu linapanda, linakigonga kifuniko, linatapakaa, na ile hewa kavu inalinyonya hadi linakwisha. Kuanzia Aprili, ukanda zinapokutana pepo za kaskazini na za kusini hutupitia ukilifuata jua, unyevu hujaa hadi juu, na kifuniko hulegea. Mvua ya mwaka, ambayo kwingine huitwa masika, hufikia kilele chake hapa Malindi mwezi wa Mei, nao si mwezi wa joto kuliko yote.

Nahodha wa Lamu

Mama, mimi ningekushauri utazame vichwa vya mawingu kuanzia saa nne asubuhi. Kichwa kinachotandazika mapema hakina nguvu. Kikiwa na mafundo yenye kingo kali na kimo chake kinazidi upana wake, kaa karibu na turubai. Kingo zikilainika na kuwa kama nyuzi, juu kumeshafanyika barafu na chini pengine mvua imeanza. Ukipigwa na upepo wa baridi wa ghafla kutoka upande wa wingu, hiyo ni hewa iliyopozwa na mvua inayoshuka, nawe una dakika chache tu za kuanua.

Mwanika Mbata (Ganda)

Nashukuru sana. Shangazi yangu ana kiwanja karibu na ufuo, ambako naona mchana huwa kweupe hata mawingu yakisimama Kakuyuni. Je, nihamie huko?

Mwalimu wa Jiografia

Kwa Machi, ndiyo. Upepo wa bahari unapoingia mchana, hewa yake iliyo nzito na ya baridi kidogo hujipenyeza chini ya hewa ya moto ya nchi kavu na kuiinua, kwa hiyo wingu husimama mbele ya upepo huo, upande wa bara, ilhali ufuo ulio nyuma yake hutulia. Ila usimwachie shangazi mbata nje usiku ifikapo Mei, kwa sababu wakati huo kusi huleta unyevu kutoka baharini, ikakutana na umande, yaani upepo utokao nchi kavu alfajiri, na mvua huanzia ufuoni penyewe. Mwezi huo mimi ningekausha kwa moto wa vifuu juu ya uchaga.