Chakula cha mchana cha Idi Mosi kwa watu 30, mwaka wa kwanza bila ya mama

Binti wa Kikwajuni:

Assalamu alaykum. Ninaomba ushauri wa wazoefu kuhusu chakula cha mchana cha Idi Mosi, kwa kuwa mwaka huu jukumu hilo limeniangukia mimi. Mama yetu alifariki mwezi wa Rajabu, Mwenyezi Mungu amrehemu, na tangu nipate akili yeye ndiye aliyekuwa akiwakusanya watoto, wakwe na wajukuu nyumbani Kikwajuni baada ya sala ya Idi. Hakuwahi kuandika chochote. Alijua kwa kichwa mchele unaotosha, nani aletewe sinia na nani apelekewe sahani, na sisi tulikuwa tukifika na nguo mpya, tunakula, kisha tunawapeleka watoto Mnazi Mmoja.

Tutakuwa watu wazima 22 na watoto 8. Upande wa mume wangu wanatoka Chake Chake, Pemba, na watavuka kwa boti siku mbili kabla ya sikukuu. Kaka zangu wanataka biriani ya kuku kama aliyokuwa akipika mama, lakini dada yangu mkubwa anaona tupike pilau ya ng'ombe kwa sababu kazi yake ni ndogo, na wifi zangu wamejitolea kuleta boko boko, chakula cha ngano na nyama. Sitaki kumvunja moyo mtu yeyote, lakini pia sitaki kupika vyakula vitatu vizito kwa wakati mmoja. Mkate wa kumimina nimeujaribu mara mbili na mara zote umeshuka katikati. Baba naye ana kisukari, na siku ile sipendi akae pembeni akiangalia wenzake wakila.

Jambo linalonikera zaidi ni wakati. Mwaka jana nilimkuta mama akichambua bizari usiku wa mwezi 27 wa Ramadhani, hali wenzake wako msikitini, na sikumsaidia. Nataka kumi la mwisho liwe la ibada, na jikoni niwe nimeshamaliza kila kinachowezekana. Je, kipi kinaweza kutangulizwa bila ya kuharibika?

Bibi wa Mtoni:

Waalaykumu salaam mwanangu, pole kwa msiba, Mola ampe mama kauli thabiti. Kabla ya kuchagua kati ya biriani na pilau, wakusanye ndugu zako, pamoja na shangazi na mama wadogo kama wapo, umuulize kila mmoja alikuwa akifika na nini mkononi. Ninakwambia hivi kwa sababu watoto hudhani mama alipika peke yake, wakati katika nyumba nyingi ninazozijua kila sinia lilikuwa na mwenyewe, na kazi ya mama ilikuwa kuhakikisha kwamba watu wawili hawaleti kitu kimoja. Ukishajua hayo utaona kwamba sehemu kubwa ya mpango wako imekwishapangwa tangu zamani.

Kuhusu wakati, kumi la kati ndilo la kazi. Chambua, osha na uanike iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga na bizari nyembamba. Vya kusaga visagwe, uvitie katika chupa kavu zenye vifuniko. Visheti na vileja vikaushwe vizuri na vipoe kabisa kabla ya kutiwa kwenye mkebe, navyo vitakaa zaidi ya wiki moja bila ya taabu. Halua haina haja ya kukuhangaisha, kwa kuwa sukari na samli yake huihifadhi. Inunue mapema, au waombe wakwe zako wakuletee ya Wete. Vitunguu vya biriani unaweza kuvikaanga siku tatu kabla, vikawa vya rangi ya dhahabu na vikavu, ukavifungia vizuri. Thomu na tangawizi zitwange siku mbili kabla na uziweke kwenye friji.

Masala ya biriani yapike usiku wa kuandama mwezi. Hapo nakuomba unisikilize, kwa sababu mwaka mmoja niliyapika usiku, nikafunika sufuria ikiwa ya moto na kuiacha jikoni hadi asubuhi, na niliporudi kutoka msikitini nilikuta mtindi umechacha na kuku wote sita hawafai kuliwa. Wageni walikuwa wameshakaa mkekani. Tangu siku hiyo masala nayagawa katika vyombo vipana, yapoe upesi, kisha yanaingia kwenye friji.

Mkate wako unashuka, nadhani, kwa kuwa unauacha uumuke kupita kiasi, hamira ikamaliza nguvu zake kabla mkate haujafika motoni, au kwa kuwa uji wako ni mwepesi. Mchele uroweke usiku kucha, uuchuje vizuri, uusage kwa tui zito la kwanza, na usiongeze maji kwa kuihurumia mashine. Unapoanza kuumuka na kutoa mapovu, tia sukari, iliki na ute wa yai, kisha umimine kwenye sufuria iliyokwishapata moto na mafuta. Uache kwenye seredani mpaka ushike pembeni na utoboke vitundu juu, ndipo upalie makaa kwenye kifuniko. Usifunue kila mara kuuchungulia.

Mpishi wa Shughuli:

Poleni kwa msiba. Mimi ni mwanamme ninayepika katika harusi na hitima, kwa hivyo nitajibu upande wa vipimo tu. Kilo 1 ya mchele wa basmati hutosha watu wazima 8. Ukiwahesabu watoto wawili kama mtu mzima mmoja una watu 26, yaani kilo 3 na robo, lakini sahani za majirani hazimo katika hesabu hiyo, na katika sikukuu sahani hizo si chache. Pika kilo 5. Kuku 5, kila mmoja vipande 8, watakupa vipande 40. Vitunguu visipungue kilo 4, kwa sababu vikikaangwa hunywea sana na wanaopika kwa mara ya kwanza hupungukiwa hapo. Tungule nunua siku moja kabla tu.

Kuhusu kuku, waagize mapema, toa sehemu ya fedha, na mwombe muuzaji awaweke hai mpaka mwezi utangazwe. Ramadhani inaweza kuwa na siku 29 au 30, na aliyewachinja kuku wake jioni ya mwezi 29 hujikuta na nyama ya siku nzima kabla ya sikukuu. Ikitangazwa usiku, wachinjwe usiku huo huo.

Biriani na pilau msipike zote mbili siku moja. Sikukuu kwetu ni siku nne. Biriani iwe ya Idi Mosi na pilau ya dada iwe ya Idi Pili, tena apike yeye, kwake.

Mkaza Mwana wa Wete:

Nakubaliana na ndugu aliyetangulia, na ningependa kuongeza jambo kuhusu boko boko, maana mimi mwenyewe nimeolewa Pemba na huko nilijifunza kulipika. Waambie wifi zako wasilivushe likiwa limepikwa. Walete ngano iliyokobolewa na samli, wairoweke kwenu, walipike na nyama isiyo na mifupa kwa moto mdogo na kulisonga kwa mwiko mpaka nyuzi za nyama zipotee. Lipakuliwe asubuhi wanaume wanaporudi kwenye sala, badala ya kushindana na biriani mchana. Kabla ya sala kila mtu amekwishakula tende zake kwa hesabu ya witiri, kwa hivyo hakuna atakayelalamika kwamba ana njaa.

Baba mpakulieni boko boko lisilonyunyiziwa sukari, na mchana apewe kuku na kachumbari kwa wingi, wali kidogo, katika sinia lile lile la wenzake. Ukimtengea sahani yake pembeni utakuwa umemfanya mgonjwa siku ya furaha.

Tena, kabla ya kupima mchele wa biriani, pimeni wa zakatul-fitri. Ni pishi moja kwa kila kichwa, yaani vibaba vinne, takriban kilo 2 na nusu, na kila mkuu wa nyumba huwatolea wale anaowalisha. Umfikie mwenye kustahiki kabla ya sala, ili naye awe na cha kupika siku hiyo.

Binti wa Kikwajuni:

Ahsanteni sana, na Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Nimefuata shauri la bibi na jana, baada ya tarawehe, tuliketi wote nyumbani kwa shangazi yetu. Nimejifunza jambo ambalo sikulijua kwa miaka yote: mkate wa kumimina haukuwa wa mama. Shangazi ndiye aliyekuwa akiupika kwake Miembeni kila mwaka, akiuleta alfajiri chini ya kawa, kifuniko cha kusukwa, na mama alikuwa akiupokea mlangoni na kuukata mwenyewe. Amekubali kuendelea, ila magoti yanamsumbua, kwa hivyo usiku wa mwezi nitalala kwake, nisage mchele na kupalia makaa naye akinielekeza.

Dada amepokea Idi Pili kwa moyo mkunjufu, na wifi zangu wamefurahi kwamba boko boko lao ndilo litakalofungua sikukuu. Bizari nimeanza kuzianika leo. Katika kupekua kabati nimelikuta kawa la mama, ukili wake umefumuka upande mmoja, na kaka yangu amelipeleka kwa fundi anayesuka mikeka ili lirudi kabla ya mwezi 25.

Bibi, nina suali moja lililobaki: ute wa yai ni wa mayai mangapi kwa kilo 2 za mchele?

Bibi wa Mtoni:

Miye hutia mawili kwa kilo, kwa hivyo kwako manne. Lakini muulize shangazi yako kwanza, mwanangu, ufuate lake.