Msaada wa haraka: desktop inaishia kwenye "grub rescue" baada ya fundi kuongeza disk D, na kwenye Ubuntu kuna hesabu za watu

DadaWaHombolo
Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu. Niko Dodoma, nina stationery yangu huku Ng'ong'ona jirani na chuo, pale kuna desktop moja ya HP yenye mifumo miwili, Windows 10 kwa ajili ya printa na kuchapa kazi za wanafunzi, halafu Ubuntu kwa ajili ya kazi zangu za programu. Disk D ilijaa nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini aniongezee nafasi, akafuta ile E iliyokuwa tupu akaiunganisha na D. Kuja kuwasha hivi ikaleta skrini nyeusi:

error: no such partition.
Entering rescue mode...
grub rescue>

Haiendi Windows wala Ubuntu. Fundi akasema hapo hakuna namna, ifomatiwe yote apige window upya, elfu thelathini. Nikabeba mashine yangu nikarudi nayo. Shida ni kwamba kule Ubuntu nimeweka mfumo wa kurekodi mizigo ya zabibu ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya nyumbani, kilo za kila mkulima, nani kalipwa nani bado. Kopi ya pembeni ninayo ila ni ya kabla mavuno haya hayajaanza. Wazee wa watu wanasubiri hela zao kupitia zile hesabu, naombeni jamani kabla sijamruhusu mtu kugusa hii mashine.

KijanaWaMakole
Pole dada. Hiyo ndogo sana, tafuta fleshi yenye Windows 10, butia hapo, ingia Repair, fungua Command Prompt andika bootrec /fixmbr, zima washa, window inakuja. Mi hizo nazitengeneza sana tu.

MtuWaTerminal
Dada habari. Hiyo fixmbr iache kwanza. Ni kweli Windows itawaka, ila inaandika juu ya kile kipande cha mwanzo cha diski ambapo GRUB (programu inayokupa menyu ya kuchagua Windows au Ubuntu ukiwasha) imekaa, kwahiyo njia ya kwenda Ubuntu unakuwa umeifunga mwenyewe na kazi yako iko huko huko. Haifuti data, sawa, ila inakurefushia safari bila sababu.

Sasa tuelewane kilichotokea, maana ukishakielewa hata presha inashuka. Mashine yako inaonekana ni ya mfumo wa zamani wa BIOS (namna ya kuwaka) na MBR (jedwali la mwanzo wa diski linaloorodhesha vipande vyake). Kwenye MBR patisheni (vipande vya diski kama hizo D na E) za kawaida mwisho nne, zikizidi zinaingia ndani ya ile extended na zinahesabiwa kuanzia namba 5. Bila shaka E ilikuwa 5 na Ubuntu ikawa 6. Fundi alipofuta E, Ubuntu ikasogea ikawa 5, yaani imebadilika namba tu haijafutwa. GRUB yenyewe ilishakariri kwamba nyumbani ni 6, inaenda 6 haikuti kitu. Ni kama plot za Nkuhungu zipimwe upya, nyumba iko palepale ila kibao kimebadilika, mgeni anakuja na namba ya zamani anazunguka hampati mtu.

Chomoa fleshi na diski zote za nje, washa, ukifika kwenye grub rescue andika hizi mbili, kila moja na enta yake:

set
ls

Kisha tuletee hapa picha au uandike inavyojibu. Hapo kwenye rescue komandi ni chache mno, usihangaike kuandika help haipo.

DadaWaHombolo
Asante sana mkuu. Set imeleta

prefix=(hd0,msdos6)/boot/grub
root=hd0,msdos6

na ls imeleta

(hd0) (hd0,msdos5) (hd0,msdos3) (hd0,msdos2) (hd0,msdos1)

Kweli 6 haipo! Nikajaribu ls (hd0,msdos1)/ ikasema unknown filesystem, 2 hivyohivyo, 3 hivyohivyo. Hapo ndo nimeogopa, au nazo zimeharibika?

MtuWaTerminal
Hazijaharibika, tulia. GRUB ikiwa kwenye rescue inakuwa imebeba lugha ya patisheni moja tu, ile inayotumiwa na Ubuntu yako. Hizo 1, 2, 3 ni za Windows, NTFS, hapo haina cha kuzisomea ndo maana inasema haizijui. Sasa piga

ls (hd0,msdos5)/

Usisahau huo mkwaju wa mwisho. Ikikuletea majina kama boot, etc, home, usr, var basi umefika. Endelea hivi:

set root=(hd0,msdos5)
set prefix=(hd0,msdos5)/boot/grub
insmod normal
normal

Ikisema file not found kwenye insmod ujue kuna herufi imekosewa kwenye prefix, rudia huo mstari.

BibiKompyuta
Naongezea hapo, ukipata menyu ingia Ubuntu, na kabla hujagusa kitu kingine chochote toa kopi ya database yako kwenye fleshi. Kama ni MySQL tumia mysqldump, usikopi tu folda wakati database inatembea. Umeme wa huku kwetu tunaujua, unaweza ukakatika katikati ya kutengeneza GRUB ukaanza moja.

DadaWaHombolo
Wakuuuu imekuja!! Nimeona mpaka etc na home, nikaandika zile nne, menyu ya zambarau hiyo hapo, nimeingia Ubuntu na mfumo umefunguka, mzigo wa mwisho wa mzee wetu mmoja upo na kilo zake 312 kama nilivyoziandika. Yaani nimekaa chini. Kopi nimeshatoa kwenye fleshi mbili. Sasa nikizima itarudi vilevile au?

MtuWaTerminal
Hongera dada. Ukizima sasa hivi itarudi vilevile, maana zile set zinaishi kwenye memori tu. Fungua terminal, kwanza piga lsblk uhakikishe diski yako inaitwa sda, halafu

sudo grub-install /dev/sda
sudo update-grub

Andika sda, usiandike sda5. GRUB kwenye mashine ya aina hii inakaa mwanzoni mwa diski nzima, ukiipa patisheni inalalamika au inakaa pasipo. Kwenye update-grub angalia kama Windows imetajwa. Ikikuletea onyo kwamba os-prober (kile kinachotafuta mifumo mingine kama Windows) haitatumika, fungua /etc/default/grub kwa sudo nano, weka mstari GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, seva, urudie update-grub. Toka toleo la 2.06 GRUB inakuja na hiyo kitu imezimwa.

Na huyo fundi sina ugomvi naye, kuongeza D ni kazi ya kawaida, ila kumwambia mteja afomati bila hata kuandika ls moja, hapana, hiyo inaumiza watu.

DadaWaHombolo
Nimerestati nimeingia Windows, nikarestati tena nikaingia Ubuntu, zote ziko fresh na D imeongezeka. Mungu awabariki sana, kesho asubuhi natuma orodha ya malipo nyumbani.

MwalimuWaBahi
Samahani kuingilia, mimi laptop yangu iliandika "Verifying shim SBAT data failed: Security Policy Violation" halafu ikajizima yenyewe, Windows inaingia ila Ubuntu hapana. Nifuate hizi hatua?

MtuWaTerminal
Hapana mwalimu, yako ni UEFI (mrithi wa ile BIOS ya zamani) na chanzo ni kingine kabisa. Apdeti ya Windows ya Agosti 2024 ilizuia shim (programu ndogo inayoiwasha GRUB) za zamani kwenye mashine nyingi zenye mifumo miwili. Dawa yake ni kuzima Secure Boot (ulinzi unaokagua programu za kuwashia mashine) kwenye mipangilio ya UEFI, ambayo wengi bado wanaiita BIOS, kuingia Ubuntu, kupiga sudo mokutil --set-sbat-policy delete, kurestati na kuingia Ubuntu tena mara moja, kuapdeti vifurushi vyote, ndipo uwashe Secure Boot.

Ila kabla ya yote angalia kwenye Windows kama BitLocker (inayofunga data za diski kwa funguo) imewashwa. Ukizima Secure Boot inaweza ikakudai ile recovery key (funguo ya kurejesha) yenye tarakimu 48, mara nyingi iko kwenye akaunti yako ya Microsoft, ingia kwa simu uinakili kwenye karatasi. Usipoipata, usiguse BIOS leo, njoo kwanza tuongee.