Mkopo uitwe mkopo! Tumechoka kupigishwa makofi kwa "msaada" tutakaoulipa

Wakuu, leo nina hasira na sifichi.

Hapa kwetu Makorora, Tanga, kuna mtaro umechimbwa ukaachwa wazi. Mama yangu anauvuka kwa ubao, ndoo kichwani. Pembeni kuna bango: "Ufadhili". Kwenye mkutano wa mtaa tukaambiwa tushukuru, ni msaada. Mzee mmoja akauliza, "Tutaulipa au hatuulipi?" Akaambiwa akae, hayo ni ya wakubwa. Nimetafuta nyaraka mwenyewe. Ni mkopo wa Benki ya Dunia!

Na kuna sababu ya kuwa mkopo, ambayo hakuna anayetueleza. Tangu 2005 Benki ya Dunia na IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa) wanazipima nchi maskini kwa hatari ya kuelemewa na madeni. Wanalinganisha deni la nje na mauzo ya nje, na mapato ya serikali pia. Ukionekana uko hatarini sana, IDA, mfuko wa Benki ya Dunia wa nchi maskini, inakupa ruzuku isiyorudishwa. Hatari ikiwa ndogo, ni mkopo mtupu. Wa katikati zamani walipata nusu kwa nusu, lakini tangu Julai 2022 wengi wao wanapewa mkopo wa miaka 50 usio na riba. Sisi Tanzania 2021 tulitolewa kundi la hatari ndogo tukawekwa la wastani, hao wa katikati.

Sina kinyongo na Malawi kupata ruzuku. Aliyekwisha kuzama humtwishi jiwe. Kinachoniuma ni kwamba kipimo hicho kinatazama kama nchi italipa, hakitazami ubao wa mama yangu. Na deni lenyewe hulipwa kwa fedha za kigeni, tunazopata kwa kuuza nje. Sisi watu wa mkonge tunajua bei ikianguka huko nje inakuwaje huku. Mpaka 2001 tulikuwa kwenye foleni ya kusamehewa madeni chini ya HIPC, ule mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa, watu wamesahau?

Mkopo wa masharti nafuu si dhambi. Miaka 50 bila riba ni nafuu kweli, benki ya mjini haikupi hiyo. Ila anayelipa ni mtoto anayezaliwa leo hospitali ya Bombo, basi mtaro ufunikwe, na bango liseme ukweli: kiasi gani, riba gani, mwaka gani tunamaliza.

Mwenye picha ya bango la mradi mtaani kwake, Ngamiani, Pongwe, Muheza, popote, aiweke hapa. Tuyasome moja moja.