Mafuta yakipanda kila kitu kinapanda. Yakishuka, mbona hakuna kinachoshuka?

Wakuu, leo nimevurugwa, mnivumilie.

Kuna watu humu kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, ile mamlaka inayodhibiti bei za petroli na dizeli, ikishatoa bei mpya, wanakuja na wimbo wao: "Mimi sina gari, hainihusu." Haikuhusu? Nyanya unazokula zilitembea kwa miguu kutoka Iringa? Mkaa nao ulijileta mwenyewe mjini?

Tukumbushane. Agosti 2022 petroli Dar ilifika shilingi 3,410 kwa lita, na hapo serikali ilishaweka ruzuku. Nauli ya daladala kwa safari fupi, zile zisizozidi kilomita 10, ilishatoka 400 hadi 500 tangu Mei. Desemba 2023 ikawa 600. Sawa, tukalipa. Mwanzoni mwa 2025 petroli ikateremka chini ya 2,900. Nauli? 600 ileile, konda hata hakukohoa.

Genge la mtaani kwetu ndiyo usiseme. Mafuta yalipopanda, fungu la nyanya likabaki bei ileile ila nyanya zikapungua, na zilizobaki nusu ni masalo, zimeshaanza kuoza. "Usafiri umepanda, kaka." Haya. Petroli iliposhuka nikauliza, nikajibiwa huu ni mzigo wa zamani. Mzigo wa zamani wa nyanya! Nyanya gani hizo zinakaa miezi?

Nyumbani tumeshabadilika wote. Gesi ni ya chai ya asubuhi tu, maharage yanaenda kwenye mkaa, na mkaa wenyewe siku hizi ni wa kopo, gunia tunalitazama kwa macho. Mafuta ya kula ya kupima. Sukari robo. Na hapo ndipo panaponiuma kuliko pote: hebu jumlisha makopo ya mkaa mpaka yatimie gunia, uone umelipa kiasi gani. Yaani ukiwa huna ndiyo unauziwa ghali! Bodaboda tumeiacha, mke wangu anatoka stendi kwa miguu na mzigo kichwani. Kwenda Chanika kumsalimia bibi kumegeuka kuwa kupiga simu, na bibi kanuna, ana haki.

Msiniletee habari kwamba spea na matairi navyo ni ghali, nazijua. Lakini angalieni mchezo unavyokwenda: mwenye lori anamtupia dalali, dalali anamtupia mama wa genge, mama wa genge ananitupia mimi. Mimi nimtupie nani? Bosi? Mshahara wangu haujawahi kusikia kama duniani kuna kitu kinaitwa dizeli.

Wenye malori na daladala najua mmo humu, tena wengi. Jibuni bila matusi: bei ikishuka, ile tofauti mnaipeleka wapi?

Na wewe wa "hainihusu", uzi huu upite kimya kimya.