Naomba ushauri: ridi namba 3 ya klarineti inanitoa jasho

Hamjambo wapendwa. Napuliza klarineti katika bendi ya kanisa hapa Nairobi, mwaka wa pili sasa. Ridi (kile kijiti chembamba kinachotetemeka mdomoni; namba ikipanda, ni kigumu zaidi) namba 2 ilinipa sauti nyembamba kama nzi ndani ya chupa, na noti za juu zilishuka chini ya tuni. Mwezi jana nikaruka hadi 3. Sauti imenenepa kweli, lakini pumzi nyingi inapita bure, ssss, na baada ya nyimbo mbili pembe za mdomo zinalegea. Hapo najikuta nauma kwa taya. Mdomo wa chini una alama za meno kwa ndani. Nirudi 2.5, au nivumilie misuli izoee? Mwalimu wangu ni wa tarumbeta, hapa hana la kunisaidia.