Naomba ushauri: bima ya watumishi wa mkataba na sheria ndogo ya ujenzi

Wadau, salaam. Baraza la madiwani lina hoja mbili mezani, zote za mapato ya ndani.

Ya bima ni hesabu tu. Mchango wa NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya) ni 6% ya mshahara wa msingi, nusu mwajiri, nusu mtumishi. Kwa mshahara wa 600,000, halmashauri inatoa 18,000. Watumishi 40 wa mkataba ni 8,640,000 kwa mwaka. Makusanyo yakiyumba na mchango ukachelewa, mgonjwa ndiye anayekwama dirishani. Je, itengwe akiba ya miezi mitatu?

Ya ujenzi ndiyo inaniumiza kichwa, hasa baada ya ghorofa kuporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, Novemba 2024. Rasimu inataka mhandisi akague msingi, nguzo na kila slabu kabla ya kumwaga zege, na vipimo vya uimara wa zege vya siku 7 na 28. Sawa, ila mhandisi ni mmoja na gari moja (bovu). Fundi hatasubiri wiki nzima, atamwaga usiku.

Waliopitia hili: ukaguzi mlimwachia mhandisi mshauri aliyesajiliwa ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi), halmashauri ikahakiki sampuli? Ada ilitozwa kwa ghorofa au kwa mita ya mraba? Na kifungu cha kusimamisha kazi mlikiandikaje kisipingwe mahakamani?