Gagoili za makanisa ya kale Ufaransa: nitazitambuaje nikiwa chini, na nitumie lenzi gani?

Kona_ya_Mnara

Habari wakuu. Natafuta ushauri wa wanaozijua gagoili, ile milizamu ya mawe yenye vichwa vya mbwa, mazimwi na watu walioachama midomo, inayochomoza chini ya paa za makanisa ya kale ya Ufaransa. Ratiba ni siku nane katikati ya Oktoba: Paris, Reims, Laon na Dijon. Kamera ni ya kihisi cha APS-C (kile kidogo kuliko cha fremu nzima), pikseli milioni 24. Lenzi ni mm 18–55 na mm 70–300 yenye kituliza mtikisiko.

Nimekwama mahali patatu. Je, kila sanamu iliyo juu ya kanisa ni gagoili? Kwa nini vitu vya juu hivyo hutoka vyeusi tii huku anga likiwa jeupe? Na je, mm 300 zinatosha au nikodi lenzi ya mm 600?

Fundi_Mawe

Kabla ya kugusa kamera jiulize swali moja: maji hupita humo? Gagoili ni mlizamu kwelikweli. Mgongoni ina mfereji uliochongwa. Maji ya mvua kutoka paani hupita hapo na kutokea mdomoni. Shingo imerefushwa ili maji yaangukie mbali na ukuta, yasije yakala chokaa iliyounganisha mawe. Ndiyo maana nyingi zimelala mlalo, na utazikuta zimepangwa juu ya kila mwega (nguzo ya mawe inayoegemeza ukuta kwa nje) au mahali tao tegemezi linapoishia. Sanamu iliyoketi, iliyosimama wima au iliyojishika tama, isiyo na njia ya maji, ni shimera: urembo mtupu.

Ukiwa chini, darubini ya macho mawili ya 8x42 (inayokuza mara nane) itakusaidia kuliko lenzi. Tafuta tundu mdomoni au ncha ya bomba la maji la risasi (ile metali laini) inayochungulia. Kisha tazama rangi. Jiwe la chokaa linalooshwa na mvua hubaki jeupe, lisilooshwa hujenga gamba jeusi la jasi na masizi. Kwa hiyo gagoili ya zamani mara nyingi huwa nyeupe mgongoni na nyeusi tumboni. Ikiwa nyeupe kote, kingo zake kali kama zimekatwa jana, hiyo ni nakala iliyowekwa wakati wa ukarabati. Usiidharau, ila iandike hivyo kwenye maelezo ya picha.

Kwa ratiba yako tofauti hiyo ni muhimu sana. Wale viumbe maarufu wa Notre-Dame de Paris wanaotazama jiji kutoka kwenye roshani ya minara, akiwemo yule mwenye pembe aliyejishika tama, ni shimera za karne ya 19, za ukarabati wa msanifu Viollet-le-Duc uliokamilika mwaka 1864. Gagoili zenyewe ziko ubavuni, na watalii wengi huzipita bila kuinua kichwa. Laon, wale ng'ombe 16 wa mawe wanaochungulia kutoka minara ya kanisa kuu si gagoili pia, ni sanamu tu zisizopitisha maji. Dijon ndiko kwenye mtego mkubwa: uso wa magharibi wa Notre-Dame ya huko una safu tatu zenye sanamu 51 zilizokaa kama gagoili kabisa, lakini ziliwekwa miaka ya 1880 na hazitoi hata tone. Zinafaa mno kwa mazoezi kwa sababu zimepangana na kila moja ina sura yake, ila usisubiri mvua hapo.

Reims ina kitu cha pekee. Kanisa kuu liliposhambuliwa kwa mizinga na kuungua Septemba 1914, metali ya risasi iliyoezeka paa iliyeyuka ikapita kwenye milizamu hiyohiyo ya maji. Baadhi ya gagoili zilizogandiwa na risasi mdomoni zimehifadhiwa Palais du Tau, jumba la makumbusho jirani na kanisa. Hakikisha kwanza kama pamefunguliwa.

Lenzi_Ndefu

Mkuu, mm 300 zinatosha. Hesabu ni hii: gagoili ya urefu wa mita 1 iliyo mita 30 juu, nawe umesimama mita 45 kutoka ukutani, iko kama mita 53 kutoka kwenye lenzi. Kwa mm 300, ikionekana kwa ubavu, taswira yake kwenye kihisi ni karibu mm 5.6, yaani takriban robo ya upana wa APS-C. Hizo ni pikseli kama 1,400, nyingi za kutosha kukata na kuchapisha. Lenzi ya mm 600 itakupa nusu ya fremu, lakini pia mtikisiko maradufu na uzito wa kubeba siku nane.

Kosa kubwa ni kusimama karibu mno. Chini ya ukuta utapiga kidevu na tumbo tu. Umbali wa mara 1.5 ya kimo hukupa pembe ya kama digrii 32, na hapo uso unaanza kusomeka. Kwa Paris, ubavu wa kusini wa Notre-Dame unaonekana vizuri kutoka ng'ambo ya mto Seine, kwenye barabara ya ukingoni iitwayo Quai de Montebello.

Weusi unaoulalamikia unatokana na kamera kupima mwanga wa anga. Weka upimaji wa nukta (spot) kwenye jiwe lenyewe, au ongeza mwangaza kwa +1 hadi +2 siku ya mawingu, na hifadhi faili ghafi (RAW). Dawa bora zaidi haiko kwenye menyu: sogea hatua chache kushoto au kulia mpaka nyuma ya kichwa kuwe na ukuta au mnara badala ya anga. Fokasi iwe ya nukta moja, juu ya jicho au ukingo wa taya. Ukiiachia kamera ichague, itashika ukuta wa nyuma. Anza na tundu la f/8, kasi ya 1/500 ya sekunde, na ISO 400 hadi 800.

Kona_ya_Mnara

Asanteni sana. Vipi kuhusu saa za kupiga, na mvua ikinyesha?

Fundi_Mawe

Katikati ya Oktoba jua la Paris likiwa juu kabisa hufika kama digrii 33 tu, kwa hiyo hata adhuhuri mwanga unakuja kwa ubavu na kuonyesha michirizi ya patasi. Juni hungepata hivyo. Kwa kanisa lililoelekea mashariki, uso wa magharibi upige alasiri. Ubavu wa kaskazini hautaona jua kabisa mwezi huo. Uwekee siku ya mawingu, ambapo vivuli laini huokoa maelezo ya usoni.

Mvua ikinyesha, usikimbie. Ndipo utakapojua zipi bado zinafanya kazi, maana nyingi ziliachishwa kazi na mabomba ya kushushia maji yaliyofungwa baadaye. Maji meupe mbele ya anga jeupe hayaonekani, hivyo tafuta ukuta wenye kivuli nyuma yake. 1/500 hugandisha matone. 1/30 huyafanya utepe, lakini egemea nguzo. Ivishe lenzi kinga yake ya mbele (hood), shika kitambaa kikavu, na usisimame chini ya mdomo wake: hutoka na mchanga na kinyesi cha njiwa.

Lenzi_Ndefu

Nyongeza: droni iache nyumbani. Kurusha kwa burudani juu ya maeneo ya umma mjini hakuruhusiwi Ufaransa, na Paris ni marufuku bila kibali. Na kabla ya kila picha ya karibu piga moja pana ya ubavu mzima kwa 18–55, kisha hesabu miega kutoka uso wa magharibi. Bila hiyo, jioni utakuwa na vichwa 200 na hutajua kipi ni cha wapi.